Umeme Kutoka Mabaki ya Matunda: Seli za Kikemikali na Seli za Fueli

Chukua ndimu moja, msumari wa bati na kipande cha waya wa shaba kama ule wanaotumia mafundi umeme majumbani. Choma msumari upande mmoja wa ndimu, choma waya upande wa pili, na usiviache vigusane ndani. Unganisha mita ya umeme. Utasoma volti 0.9 hivi. Sasa, kabla hujaendelea, andika kwa penseli pembeni mwa ukurasa huu jibu la swali moja tu: nishati ya umeme huo imetoka wapi?

Kama umeandika "kwenye ndimu", uko pamoja na watahiniwa wengi sana, na uko pamoja na mimi mwenyewe kabla sijasahihishwa mbele za watu, kisa ambacho nitakusimulia baadaye. Jibu hilo si sahihi. Nishati imetoka kwenye zinki iliyopakwa juu ya msumari. Ndimu imesaidia tu.

Umeme unaweza kweli kutoka kwenye matunda yenyewe, hata kwenye maganda na mapapai yaliyooza, lakini kwa njia nyingine kabisa. Njia hizo mbili watu huzichanganya, na mtahini anajua zinachanganywa. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, hilo tunalijua. Lakini jambo hili ni vizuri kwanza ulielewe kwa lugha unayobishania na wenzako bwenini, maneno ya Kiingereza utayavalisha baadaye.

NDANI YA NDIMU

Misumari ya bati hupakwa zinki ili isipate kutu. Zinki iko juu ya haidrojeni katika mfululizo wa utendaji wa metali, na shaba iko chini ya haidrojeni. Maana yake ni kwamba zinki ina tabia ya kuachia elektroni zake kwa urahisi kuliko shaba. Ikikutana na asidi ya sitriki iliyomo ndani ya ndimu, zinki huyeyuka polepole na kuacha elektroni nyuma:

Zn → Zn²⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo haziwezi kuogelea ndani ya maji ya ndimu. Njia yake ni moja: kupanda kwenye msumari, kupita kwenye waya wa nje na mita yako, na kushuka kwenye shaba. Huko zinapokelewa na ioni za haidrojeni za asidi:

2H⁺ + 2e⁻ → H₂

Zinki ndiyo anodi, kwa sababu hapo ndipo elektroni zinapopotezwa. Shaba ndiyo kathodi, kwa sababu hapo ndipo zinapopokelewa. Nakushauri usikariri anodi na kathodi kwa alama za kujumlisha na kutoa. Alama hizo hugeuka unapotoka kwenye seli ya kikemikali kwenda kwenye elektrolisisi, lakini kupoteza na kupokea elektroni hakugeuki kamwe.

Zingatia sana hapa, maana ndipo alama nyingi hupotelea. Watahiniwa wengi huandika kwamba kwenye kathodi ya ndimu shaba inajikusanya: Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu. Hiyo ni seli ya Daniell, si ndimu. Kwenye seli ya Daniell, shaba imezamishwa katika mmumunyo wa kopa salfeti uliojaa ioni za Cu²⁺, na ndiyo maana hutoa volti 1.10, yaani 0.34 − (−0.76). Ndani ya ndimu hakuna kopa salfeti. Shaba imesimama pale kama mlango tu wa kupitishia elektroni. Yenyewe haiongezeki wala haipungui. Ukiandika mlingano wa Daniell kwenye swali la ndimu, utakuwa umemwambia mtahini kwamba umekariri.

Je, utajuaje kwamba nishati inatoka kwenye metali na si kwenye tunda? Usiniamini mimi, jaribu. Ondoa msumari na uweke waya mwingine wa shaba, ili pande zote mbili ziwe shaba. Mita itaanguka hadi karibu na sifuri, na ndimu ni ile ile. Rudisha msumari, halafu badala ya ndimu tumia nyanya, nanasi, siki au hata kikombe cha maji ya chumvi. Mita itarudi pale pale karibu na mwanzo, ikipanda au kushuka kidogo. Mwisho, tumia utepe wa magnesi badala ya msumari. Volti zitapanda, kwa sababu magnesi iko juu zaidi ya zinki katika mfululizo. Ukibadilisha tunda, volti hubaki karibu zile zile. Ukibadilisha metali, volti huruka. Basi nishati iko kwenye nini?

Tahadhari moja kabla hatujaendelea: ndimu iliyotumika usiile wala usiikamulie kwenye chai. Ina zinki iliyoyeyuka ndani yake.

KWA NINI BALBU YA TOCHI HAIWAKI

Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniletea malalamiko. "Mwalimu, nimeunganisha ndimu tatu, mita inasoma volti 2.7, balbu ya tochi ya volti 2.5 haiwaki." Anadhani balbu imeungua. Balbu ni nzima. Tatizo ni ukinzani wa ndani.

Ioni hutembea kwa shida ndani ya nyama ya ndimu, kwa hiyo kila ndimu ina ukinzani mkubwa wa ndani. Kwa hesabu yetu, tuchukue omu 1,000 kwa ndimu moja. Ndimu tatu zikiunganishwa mfululizo zina volti 2.7 na ukinzani wa ndani wa omu 3,000. Balbu ya tochi inayohitaji ampea 0.3 ina ukinzani wa omu 8 hivi. Basi:

I = 2.7 ÷ (3,000 + 8) = ampea 0.0009 hivi, yaani miliampea 0.9

Balbu inataka miliampea 300, imepewa chini ya moja. Karibu volti zote 2.7 zimeliwa ndani ya ndimu zenyewe. Mita ilisoma 2.7 kwa sababu yenyewe haivuti mkondo wa kutosha kuonyesha udhaifu huo.

Kitaa kidogo cha LED chekundu kina tabia nyingine. Kinahitaji volti 1.8 hivi, lakini hutoa mwanga hata kwa mkondo mdogo sana. Volti 2.7 ukitoa 1.8 inabaki 0.9, na 0.9 ikigawanywa kwa omu 3,000 ni miliampea 0.3. Kitawaka, ingawa itabidi uzime taa na ufunge madirisha ili ukione.

Ukinzani huo unaweza kuupunguza. Mwaka 2010 watafiti wa Hebrew University of Jerusalem walionyesha kwamba kiazi mviringo kilichochemshwa hutoa nguvu hadi mara 10 zaidi ya kiazi kibichi. Kuchemsha hakuongezi nishati kwenye kiazi. Kunavunja tando za seli za kiazi, ioni zikapata njia pana ya kupita. Volti hubaki karibu zile zile, mkondo ndio unaoongezeka. Nimeona wanafunzi wakilijibu swali la namna hii kwa kusema "joto huongeza kasi ya mmenyuko", lakini kiazi kilipimwa kikiwa kimeshapoa.

Tupige na hesabu ya zinki, kwa sababu mtahini hupenda kuunganisha mada. Kitaa chetu kimewaka kwa saa 10 kwa mkondo wa miliampea 0.3. Chaji iliyopita ni:

Q = It = 0.0003 × 36,000 = kulombu 10.8

Moli za elektroni ni 10.8 ÷ 96,500, yaani 0.000112. Kila atomi ya zinki hutoa elektroni mbili, hivyo moli za zinki ni nusu yake, 0.000056. Zidisha kwa 65 upate gramu 0.0036. Hicho ndicho kiasi cha zinki kilichoyeyuka kwenye kila msumari mmoja, si kwenye misumari yote mitatu kwa jumla, maana kwenye mfululizo mkondo ule ule hupita katika kila ndimu. Ndimu zenyewe utazikuta zina sukari yote iliyokuwamo. Zinki ilikuwa ndiyo fueli, na siku ikiisha umeme unaisha, hata ubadilishe ndimu mpya kila asubuhi.

SELI YA FUELI NI KITU KINGINE

Seli ya fueli ni ile ambayo fueli huletwa kutoka nje na elektrodi hazililiki. Ukiendelea kuleta fueli na oksijeni, seli inaendelea kutoa umeme. William Grove wa Wales aliijaribu mwaka 1839 kwa kutumia haidrojeni na oksijeni juu ya elektrodi za platinamu. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, seli za aina hiyo ndizo zilizotoa umeme katika vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini, na maji yaliyotokana nazo wanaanga waliyanywa:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Ni mmenyuko ule ule wa kuchoma haidrojeni, ila hapa hakuna moto. Elektroni zimetenganishwa zikapitishwa kwenye waya kabla ya kukutana na oksijeni. Shika wazo hilo, maana ndilo la matunda pia.

Wewe mwenyewe kila siku unafanya jambo linalofanana na kuchoma bila moto. Umelisoma kwenye Baiolojia kwa jina la upumuaji wa seli:

C₆H₁₂O₆ + 6O₂ → 6CO₂ + 6H₂O

Glukosi hupoteza elektroni, oksijeni huzipokea. Bakteria nao hufanya hivyo. Lakini wapo bakteria wanaoishi kwenye tope ambako oksijeni haifiki. Hawa inawabidi watafute mahali pengine pa kutupia elektroni, na baadhi yao huzitupa kwenye madini ya chuma yaliyomo topeni. Mwaka 1987 Derek Lovley alipata bakteria wa namna hiyo katika tope la mto Potomac, Marekani. Leo wanaitwa Geobacter. Ukiwawekea kipande cha kaboni badala ya chuma, wanazitupa elektroni kwenye kaboni. Na kaboni ikiwa imeunganishwa na waya, tayari una umeme.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Geobacter. Mwaka 1911 M. C. Potter, profesa wa botania katika chuo kikuu cha Durham, Uingereza, alipata umeme kwa kutumia hamira na bakteria waliokuwa wanavunja vitu vya asili. Ulikuwa kidogo mno, na kwa miaka mingi watu wachache tu waliendelea nao.

Kwa seli ya fueli inayotumia maganda ya matunda, andika hivi. Kwenye anodi, ambako hakuna oksijeni:

C₆H₁₂O₆ + 6H₂O → 6CO₂ + 24H⁺ + 24e⁻

Kwenye kathodi, ambako oksijeni ipo:

6O₂ + 24H⁺ + 24e⁻ → 12H₂O

Jumlisha milingano hiyo miwili, futa vinavyojirudia pande zote mbili, na utapata ule mlingano wa upumuaji wa hapo juu. Jaribu kwa mkono wako sasa hivi. Ukikosea, kosa litakuwa kwenye maji, maana molekuli 6 za upande wa kushoto zinakata 6 kati ya zile 12. Ni kupumua kule kule, kulikokatwa vipande viwili na kuunganishwa kwa waya.

Kwa ukweli, Geobacter hawali ganda la ndizi moja kwa moja. Bakteria wengine hulichachusha kwanza mpaka lipatikane vitu vyepesi kama asidi ya asetiki, ndipo hawa wapate chao. Kwa kidato cha nne, mlingano wa glukosi unatosha.

KISA CHA MISUMARI

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha, vijana wangu wa kidato cha tatu walitengeneza mradi wa maonyesho ya sayansi. Walijaza ndoo kwa maganda ya ndizi na mapapai yaliyooza kutoka sokoni, wakagawanya uji huo kwenye makopo, wakachomeka misumari ya bati na nyaya za shaba, wakaunganisha mfululizo. Vitaa viwili vya LED viliwaka. Wakaandika bango kubwa: umeme wa bakteria kutoka taka za sokoni. Mimi ndiye niliyewasaidia kuandika maelezo, nikiwa na uhakika kabisa.

Mwamuzi mmoja, mama mtu mzima, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia binti aliyekuwa anaeleza, "Mwanangu, ukiondoa hiyo misumari na waya ukaweka kaboni pande zote, taa itawaka?" Binti akanitazama. Mimi nikatazama makopo. Tulijaribu pale pale kwa fimbo za kaboni za betri za zamani, na hata robo ya volti haikupatikana. Bakteria hawakuwa wamepewa muda, hawakuwa wamefichwa oksijeni, na tangu mwanzo hawakuwa wakifanya kazi yoyote. Lilikuwa ni jaribio la ndimu lililovaa nguo za maganda.

Binti yule alilia kwenye basi. Aliyepaswa kulia ni mwalimu wake.

KUTENGENEZA ILIYO YA KWELI

Mwaka uliofuata tulirudia upya, na hivi ndivyo unavyoweza kufanya shuleni kwako. Tafuta tope jeusi la kwenye bwawa au mfereji wa maji yaliyotulia, lile lenye harufu mbaya. Harufu hiyo ni dalili kwamba oksijeni haipo humo. Tafuta fimbo mbili za kaboni, ambazo hupatikana ndani ya betri kavu za kawaida zilizokwisha. Mwombe mwalimu azitoe akiwa amevaa glavu, na asifungue betri zilizoandikwa alkali, kwani hizo zina dawa inayounguza ngozi na hata fimbo ya kaboni hazina. Osha fimbo vizuri.

Ponda maganda, changanya na tope, jaza nusu ya ndoo. Zika fimbo ya kwanza katikati ya tope: hiyo ni anodi. Mwaga maji juu taratibu kimo cha vidole vinne hivi, na fimbo ya pili iweke ielee au ining'inie kwenye maji karibu na hewa: hiyo ni kathodi. Hakuna utando wala daraja la chumvi, kwa sababu tope lenyewe linazuia oksijeni isishuke huku likiruhusu ioni kupanda. Unganisha nyaya na kipingamkondo cha omu 1,000.

Sasa jambo lililotuchukua wiki nzima kuligundua. Waya wa shaba unaoungana na fimbo ya chini usiguse tope hata kidogo. Ukigusa, shaba yenyewe itaanza kuliwa, na utarudi kwenye kisa cha misumari bila kujua. Sisi tulifunga maungio kwa nta ya mshumaa, kisha tukapitisha waya ndani ya mrija wa kalamu ya wino.

Halafu subiri. Siku ya kwanza mita haitaonyesha kitu cha maana. Ndoo yetu ilianza kupanda siku ya tano na baada ya siku kumi na mbili ilisimama kwenye volti 0.4 juu ya kile kipingamkondo. Pembeni tuliweka ndoo ya pili yenye tope bila maganda. Hiyo ndiyo ndoo ya kulinganishia, na bila hiyo huwezi kudai kwamba maganda ndiyo yaliyoleta tofauti. Swali la majaribio likiuliza "ungehakikishaje?", ndoo ya pili ni nusu ya jibu.

Kuhusu aina ya maganda: ndizi, embe, papai na nanasi yanafaa. Machungwa na ndimu ni wabishi. Kwanza yana asidi, na bakteria hawa hupenda pH iliyo karibu na 7. Pili, ganda la chungwa lina mafuta yenye limonini, yale yanayokurukia machoni unapolimenya, na mafuta hayo hudumaza bakteria. Asidi unaweza kuipunguza kwa majivu ya jikoni, kwa kuwa majivu yana kaboneti ya potasiamu, ambayo ni besi. Mafuta hayaondoki kwa majivu. Kwetu tuliacha maganda ya machungwa yakauke juani kwanza, ingawa siwezi kusema tulishinda sana.

Cha kuchekesha ni kwamba tunda lililo bora kwa jaribio la misumari ni lenye asidi nyingi, na tunda lililo bora kwa bakteria ni lisilo na asidi nyingi. Hilo peke yake linakuonyesha kuwa ni njia mbili tofauti.

NDOO NGAPI KWA SIMU MOJA?

Ndoo yetu: volti 0.4 kwenye omu 1,000. Mkondo ni miliampea 0.4. Nguvu ni 0.4 × 0.0004, yaani wati 0.00016. Chaja ya kawaida ya simu hutoa volti 5 kwa ampea 1, ambayo ni wati 5. Gawanya:

5 ÷ 0.00016 = 31,250

Ndoo elfu thelathini na moja na mia mbili hamsini, kwa simu moja. Mtu akikuambia ametengeneza mtungi wa maganda unaowasha nyumba nzima, mwombe akutajie volti, ampea na ukinzani, kisha kaa kimya umsikilize.

Lakini usikimbilie kusema nishati haipo. Ipo tele. Moli moja ya glukosi ni gramu 180, na kila molekuli hutoa elektroni 24. Chaji yake yote ni 24 × 96,500 = kulombu 2,316,000. Kwa volti 0.5, hiyo ni jouli 1,158,000. Uniti moja unayonunua kwenye LUKU ni jouli 3,600,000. Kwa hiyo gramu 180 za sukari zingeweza kutoa karibu theluthi ya uniti, inayotosha kuwasha taa ya wati 10 kwa saa 32. Kinachokosekana ni kasi. Bakteria hutoa elektroni polepole, ukinzani wa ndani ni mkubwa, na sehemu kubwa ya sukari huliwa na vijidudu wengine wanaotengeneza gesi ya methani badala ya umeme. Tofauti ya nishati na nguvu, ambayo uliisoma kwenye Fizikia ukadhani ni ya kukariri tu, ndiyo hii hapa.

Hii ndiyo sababu waliopo kwenye kazi hii huchagua matumizi kwa uangalifu. Watafiti wa University of the West of England, Bristol, walitengeneza seli za bakteria zinazotumia mkojo, na mwaka 2017 zilifungwa kwenye vyoo vya shule ya bweni ya wasichana huko Kisoro, Uganda. Hazikuwa za kuendesha friji. Zilikuwa za kuwasha taa za LED ili wasichana waende chooni usiku wakiwa wanaona. Huko Seville, Hispania, ambako barabara zimepandwa michungwa michungu, shirika la maji la jiji lilichagua njia nyingine: mwaka 2021 lilianza kuchachusha maji ya machungwa hayo ili kupata methani, na methani ndiyo inayozungusha jenereta. Hiyo si seli ya fueli ya bakteria, na ukiulizwa usizichanganye. Kule mafuta ya gesi yanachomwa kisha mashine inazunguka. Huku elektroni zinatoka kwa bakteria moja kwa moja.

Kwa Muheza wakati wa msimu wa machungwa, au Mabibo ambako mikungu ya ndizi hushushwa kila alfajiri, mimi kwa maoni yangu ningeanza na methani. Seli ya bakteria ningeiweka darasani kwanza, na kwenye vipimo vidogo vinavyohitaji umeme kidogo kwa muda mrefu.

TUJIBU SWALI

Tuseme swali limekuja hivi: "Mwanafunzi alichomeka zinki na shaba kwenye embe lililooza na kupata volti 0.9. Alihitimisha kuwa embe lililooza ni fueli. Jadili hitimisho lake."

Jibu dhaifu: "Hitimisho ni sahihi kwa sababu embe lina asidi na sukari ambazo hutoa umeme." Hapo hakuna anodi, hakuna elektroni, hakuna mlingano.

Jibu lenye nguvu: hitimisho si sahihi. Zinki ndiyo anodi na ndiyo inayopoteza elektroni, Zn → Zn²⁺ + 2e⁻. Ioni za haidrojeni huzipokea kwenye shaba, 2H⁺ + 2e⁻ → H₂. Embe ni elektroliti tu. Uthibitisho: zinki hupungua uzito, ukitumia metali mbili za aina moja, volti huwa sifuri, ukitumia mmumunyo mwingine wenye ioni, volti hubaki karibu zile zile. Ili embe liwe fueli, elektrodi zote ziwe za kitu kisicholiwa kama kaboni, wawepo bakteria, na anodi isifikiwe na oksijeni.

Maswali ya kujipima

1. Ndoo ya bakteria inasoma volti 0.6 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Ikiunganishwa na omu 500 inashuka hadi volti 0.2. Tafuta ukinzani wake wa ndani. (Ukipata omu 1,000 umepatia.)

2. Eleza kwa nini kathodi ya ndoo ya tope huwekwa juu karibu na hewa, na kinachotokea kwa umeme ukikoroga ndoo nzima kwa mwiko.

3. Ndimu tatu zilizounganishwa mfululizo zimewasha kitaa kwa saa 20 kwa miliampea 0.2. Je, kila msumari umepoteza gramu ngapi za zinki?

4. Binti wa kwenye kisa chetu angemjibu nini yule mwamuzi, kama mwalimu wake angekuwa amemfundisha vizuri? Andika mistari minne, pamoja na milingano.